Sura ya Tisa: Rafu ya Manowari

"Kabla ya huyo binti, chumba hiki hakuingia mtu ila mimi," alisema Godlisten. "Weka hilo kwenye rekodi yako, dada Elinaja. Ufunguo ulikuwa mmoja, na nilikuwa nao mimi."

"Hata rafiki zake Mzee hawakuingia?"

"Rafiki gani? Yule Mkenya wa Brooklyn Park nilimkatalia mlangoni. Kila akija, macho kwenye vitabu. Amerudi juzijuzi tu, baada ya huyo binti kuanza kazi na kumfungulia bila kuniuliza."

"Ulimkatalia tangu lini?"

"Tangu macho ya Mzee yalipoanza kumwacha. Mwaka juzi mwanzoni."

"Na Wema alianza lini?"

"Oktoba iliyopita."

Simu ya Elinaja ililala mezani, mstari mwekundu ukirukaruka kila Godlisten alipofungua kinywa. Aliongea vizuri, hilo halikuwa na ubishi. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania wa Minnesota, mtu wa kushika maikrofoni kwenye harusi na misiba, na hata hapa, katika chumba cha kulala cha baba mkwe wake huko Columbia Heights, alisimama kama anayesubiri kupigiwa makofi. Mkewe, Imelda, alikuwa muuguzi wa mikataba, leo yuko jimbo hili, mwezi ujao jingine. Kwa hiyo ufunguo, dawa na barua za Mzee vilibaki mikononi mwa mume.

Elinaja Kiwelu alikuwa mpelelezi wa kujitegemea. Alikuja Minnesota kusoma, akahitimu, akakata leseni, na sasa mawakili wa Saint Paul walimpa kazi za kutafuta mashahidi na kupekua ajali za magari. Kazi hii hakupewa na wakili yeyote. Aliifuata mwenyewe, kwa hasira, siku aliposikia kwamba mlezi wa wazee, binti wa miaka ishirini na mitatu anayesomea uuguzi, anaitwa mwizi kwa sababu ya vitabu ambavyo yeye mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa kwamba vimepotea. Kesho asubuhi Wema angeketi mbele ya jopo la jimbo linalosikiliza malalamiko dhidi ya walezi. Likiamini kwamba alimwibia mgonjwa, asingeruhusiwa tena kumhudumia mgonjwa yeyote jimboni, na masomo yake yangeishia hapo.

"Naomba niangalie rafu," alisema.

"Angalia. Kilichobaki."

Rafu ilijaza ukuta mzima mkabala na dirisha la magharibi. Hapakuwa na kitabu hata kimoja cha hadithi. Vyote vilikuwa vya rejea, na vyote vilihusu meli za kivita za zamani: uzito wa kila meli, unene wa chuma chake, mizinga yake, mwaka iliposhushwa majini na mwaka ilipozama. Vingi viliacha kuchapwa kabla Elinaja hajazaliwa. Mzee Evodius alivikusanya maisha yake yote ya Amerika, kimoja kwenye vitu vikuukuu vilivyouzwa kwenye gereji ya mtu, kingine kwenye sanduku la maktaba inayofungwa, kingine kwa barua za miezi na mtu asiyemjua ng'ambo ya bahari.

Katikati, usawa wa kifua, zilikaa juzuu sita za bluu. Manowari za maziwa na mito ya dunia. Elinaja alizitazama bila kuzigusa kwanza, kama alivyojizoeza. Kitambaa cha migongo yake kilikuwa kimepauka, karibu kijivu, isipokuwa sehemu ya chini iliyobaki bluu iliyoiva. Palikuwa na doa jingine la bluu lililopanda juu kwenye juzuu ya nne. Maji, alifikiri. Vitabu vimewahi kulowa. Akavipiga picha, akaenda kupiga magoti karibu na kiti cha Mzee.

Mzee Evodius alikuwa mrefu hata akiwa ameketi. Blanketi lilifunika miguu yake, na uso wake ulielekea dirishani, ilhali Elinaja alijua haoni zaidi ya mwanga na giza.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa wapi?"

"Moshi, Mzee. Machame."

"Wamachame!" Mzee alitabasamu. "Mkwe wangu naye wa huko. Basi utaniuliza taratibu."

"Nataka kujua uligunduaje."

"Kwa vidole." Aliinua mikono yake. "Mimi nilikulia Kigoma. Baba yangu alikuwa fundi bandarini. Meli tuliyopanda kwenda likizo ilikuwa ya vita, Wajerumani waliileta, wakaizamisha wenyewe, ikaibuliwa, ikabeba abiria. Nani alituambia habari zake? Hakuna. Nikaja hapa kusoma uhandisi, nikakuta kitabu kwenye duka la vitabu vikuukuu, juzuu ya nne hiyo, nafungua, meli yetu hii hapa! Kila chumba, kila bomba. Nilikaa sakafuni palepale dukani."

"Na mwezi uliopita?"

"Nilimwambia Wema, toa juzuu ya nne, nikunjulie mchoro. Tangu macho yaondoke sikuvigusa. Kushika nisichoweza kusoma kuliniuma. Lakini vilikuwa viende Kigoma, kwenye maktaba ya shule, nikataka kuuaga. Mchoro ule ni karatasi moja ndefu, ukiikunjua inafika magotini. Huyu mtoto akasema, babu, haukunjuki, umekatwa katikati, nusu ukurasa huu na nusu ule. Nikashika mgongo wa kitabu. Vyangu ni ngozi. Hiki ni kitambaa." Mikono ilirudi kwenye blanketi. "Zote sita. Kopi. Kuna mchapaji alizitoa upya miaka ya karibuni, za bei ndogo, rangi ileile."

"Nani alimpigia Godlisten?"

"Wema. Alikuwa analia kuliko mimi."

"Ujanja huo," Godlisten aliingilia. "Alijua watu wa maktaba wanakuja kufungasha. Wangegundua. Akaona awahi kujifanya msema kweli." Alitoa simu yake mfukoni. "Wewe ni mtu wa ushahidi, chukua huu. Wakala wa walezi hupiga picha chumba kizima siku ya kwanza, wasije wakalaumiwa mgonjwa akijikwaa. Hii ndiyo Oktoba. Hesabu mwenyewe. Sita zipo."

Zilikuwepo kweli, kwa mbali, mstari wa bluu nyuma ya kitanda cha hospitali kilichokuwa bado na nailoni ya dukani. Juu ya kabati la nguo palionekana mfano wa meli wa mbao, kama ulivyo hata sasa. Elinaja aliomba atumiwe picha, akaipokea, akashukuru. Adabu hiyo ilimgharimu.

*

Wema alikuwa anasubiri ndani ya gari, kwenye maegesho. Barua ya kusimamishwa kazi ilimkataza kuvuka mlango wa Mzee, na alikuwa ameitii hata kwa kuegemea upande wa pili wa gari asionekane dirishani. Theluji ya Machi, iliyokwisha kuwa nyeusi, ilirundikwa hadi usawa wa vioo.

"Kala?" aliuliza Elinaja alipofungua tu mlango.

"Nani?"

"Babu. Mchana huwa hali mpaka umkalie."

"Wema, kesho ni wewe unayehukumiwa."

"Najua, dada. Lakini kala?"

Elinaja aliwasha gari ili joto lije. "Niambie tena kuhusu kanisani."

"Ya nini? Haihusiani na vitabu."

"Inanihusu mimi."

Wema aliangalia vidole vyake. "Mama mmoja alinishika bega, akanipa pole, akasema tunakuombea. Mkono wa pili kaukumbatia mkoba wake. Dada, mimi nimewavalisha wazee pete za dhahabu, nimewavua, nimeziweka mezani. Ningekuwa mwizi ningeiba karatasi za manowari? Na nikishaiba, nimwambie mwenyewe kwamba vimebadilishwa?"

"Hayo ndiyo nitakayowauliza. Lakini wataniuliza, kama si yeye, nani? Nani mwingine alikaribia ile rafu?"

"Sitaki kumsingizia mtu. Mimi najua inavyouma."

"Husingizii. Unasema ulichokiona."

"Mzee Jotham, yule Mkenya. Alikuja mara mbili, Mzee alifurahi sana. Mara ya kwanza alisimama mbele ya rafu, akanyamaza ghafla. Nikamletea chai, hata hakuiona. Akaniuliza kwa sauti ndogo, huyu huwa anaulizia vitabu vyake? Nikamwambia hapana. Akavaa koti akaondoka."

Hapo Elinaja alitia gia.

*

Nyumba ya Jotham Gitonga ilikuwa mwendo mfupi tu, kuvuka Mississippi kwa barabara kuu ya 694. Kabla ya kustaafu alikuwa fundi wa eksirei hospitalini, na alimfungulia Elinaja akiwa na aproni, harufu ya vitunguu ikimfuata.

"Wema amebaki kwa gari? Mwambie aingie, huko nje ni baridi!"

"Ameomba abaki, Mzee. Nina maswali machache. Nasikia una vitabu."

Uso wa Jotham ulifunguka kama wa mtu aliyeulizwa habari za wajukuu. Alimteremsha kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha. "Sasa, sheria ni moja. Hakuna kugusa. Ukitaka kuona kitu unasema, mimi nakutolea. Hata kwa Evodius sijawahi gusa kitabu kabla aseme chukua. Sisi wa hivi vitabu tuko hivyo. Mwenye rafu ndiye ananyoosha mkono."

Elinaja hakumjibu. Alikuwa amekwisha kuziona. Juzuu sita za bluu, migongo ya ngozi, manowari za maziwa na mito.

"Hizi umezitoa wapi?"

Tabasamu lilizimika polepole. "Aaa. Kumbe umekuja kunishika."

"Nimekuja kuuliza. Rafiki yako ameibiwa juzuu sita za ngozi. Wewe unazo juzuu sita za ngozi. Ulikwenda kwake, ukasimama mbele ya rafu, ukakimbia chai. Binti wa watu anapoteza kazi yake kesho. Kwa hiyo nauliza, na nitauliza mara moja tu kwa upole."

"Wewe msichana ni mkali." Alivaa miwani, akachomoa juzuu ya nne, akaifungua ukurasa wa kwanza na kumshikia. Muhuri wa zambarau wa maktaba moja ya kaskazini, na juu yake neno la kuondolewa kwenye hifadhi, tarehe ya miaka ya tisini. Juzuu ya tano, muhuri uleule. Ya sita, uleule. "Maktaba ilizitupa, nikaziokota, Evodius akiwa hapo kando yangu na wivu hadi kwa masikio. Sasa toa ya pili. Chukua, nimesema. Pinda mgongo. Unaona uzi?"

"Sioni uzi."

"Ya Evodius iko na uzi mwekundu. Joto la hita za hapa linakausha ngozi kila winter, ikapasuka, nikaishona na hii mikono yangu. Hizi si zake."

Elinaja aliirudisha juzuu mahali pake. Kamba aliyokuwa ameishika tangu Columbia Heights ilikatika mkononi. "Samahani, Mzee Gitonga."

"Samahani iko sawa. Lakini keti." Jotham mwenyewe aliketi kwenye ngazi, akaivua miwani. "Hiyo ya uzi mwekundu nimeiona."

"Wapi?"

"Kwa simu. Mwaka jana, mwezi wa nne. Kuna mfanyabiashara ako na stoo huko Savage, karibu na mto. Ananunua vitabu vizuri anavichinja. Anatoa michoro anaweka kwa fremu, watu wanatundika kwa baa. Alitutumia picha sisi wote wa kukusanya, eti nani anataka. Mchoro wa meli ya Evodius ulikuwa hapo, umeshakatwa. Na nyuma yake, kwa meza, magamba matupu ya vitabu. Moja liko na uzi wangu."

"Mwezi wa nne. Wema alikuwa hajaanza kazi." Elinaja alisimama. "Picha iko wapi?"

"Nilifuta. Ilikuwa inaniuma."

"Ukamwambia nani?"

Jotham aliifuta miwani kwa aproni.

"Mzee, ulimwambia nani?"

"Hakuna. Nilijua ameuza. Mtu ni mgonjwa, macho yameenda, bili ni bili. Halafu nikaenda kumwona, nikakuta kopi za kitambaa kwa rafu, nikasema, ona, ameziweka apate kuficha aibu. Sasa mimi nimuulize? Mtu mzima akificha aibu yake, wewe unaangalia kando. Hiyo ni heshima."

"Heshima!" Elinaja hakujua kama sauti ile ilikuwa yake. "Umeangalia kando miezi yote hiyo, na mezani pako una ukweli mzima. Binti amesimamishwa kazi, umeangalia kando. Ametangazwa mwizi kwenye jumuiya, umeangalia kando. Ungemuuliza rafiki yako swali moja, moja tu, leo nisingekuwa hapa!"

Jotham aliipokea yote bila kujitetea. "Nilisikia juzi tu kuhusu msichana," alisema mwishowe. "Nikaogopa watasema ni mimi. Kama vile wewe umesema."

Elinaja alipumua. Neno la mtu huyu peke yake, mtu mwenye seti ileile kwenye rafu na picha aliyoifuta, jopo lisingelimeza. Alihitaji kitu cha kushikika.

"Ulijuaje ni za kitambaa, kama hamgusi?"

"Rangi. Ngozi haipauki hivyo. Hizo kopi, jua la summer moja linazimaliza. Zake zimeisha, zimekuwa kama majivu, isipokuwa chini. Chini ziko bluu bado, kama kuna kitu kilizikinga."

"Si maji?"

"Maji yanaacha mawimbi, dada. Hiyo ni kama kivuli."

Elinaja alitoa simu, akafungua picha yake ya asubuhi, akaikuza. Mstari wa bluu iliyoiva ulianza juzuu ya kwanza ukaishia ya sita, umenyooka chini, na upande wa kulia umeinuka kidogo kama pua. Doa la juzuu ya nne lilipanda wima.

"Mzee Gitonga. Kabla hujafukuzwa pale mlangoni, mbele ya juzuu hizi palikuwa na nini?"

"Si ile meli yake ya mbao! Iko hapo miaka yote. Mtu anaisogeza kando ndio apewe kitabu. Kwani imeenda wapi?"

Elinaja alifungua picha ya pili, ile aliyotumiwa na Godlisten, akamwonyesha kilichokuwa juu ya kabati.

"Vua aproni," alisema. "Tunakwenda."

*

Jua la alasiri lilikuwa limekwisha kuingia chumbani walipofika, likaipiga rafu moja kwa moja. Wema alibaki kwenye korido ya jengo, hatua moja nje ya kizingiti. Godlisten alimwona Jotham, akakunja uso.

"Huyu tena?"

"Ni shahidi wangu," alisema Elinaja, akaweka simu mezani ikirekodi. "Bwana Godlisten, jambo dogo tu nilikosa kuuliza asubuhi. Ule mfano wa meli juu ya kabati, nani aliuweka?"

"Mimi."

"Lini?"

"Siku kitanda kilipoletwa. Ungeanguka wakati wanapitisha. Nikaupandisha kabla watu wa wakala hawajapiga picha."

"Haujashuka tangu siku hiyo?"

"Nimemwomba aushushe," alisema Mzee Evodius kutoka kwenye kiti chake. "Anasema utavunjika."

"Haujashuka," alisema Godlisten. "Huyo binti hafiki huko juu hata akipanda kiti. Sasa meli ya mbao inahusiana nini na wizi?"

Elinaja alisogeza kiti, akapanda. Vumbi juu ya kabati lilikuwa la kuandikia jina. Alilipiga picha, kisha akainua meli kwa mikono miwili. Chini yake mbao ilikuwa safi, kwa umbo kamili la tumbo la meli. Akapiga picha nyingine. Alishuka akiibeba kama mtoto, akavuka chumba, akaisimamisha mbele ya juzuu sita za bluu.

Tumbo la meli lilikaa juu ya mstari wa bluu. Pua ikakaa juu ya pua. Bomba lake moja la moshi likaziba doa la juzuu ya nne, na pembeni kitambaa kilichopauka kikaizunguka meli yote kama fremu ya picha.

"Mungu wangu," alisema Jotham.

"Nini?" Mzee aligeuka. "Kuna nini? Semeni, mimi sioni."

"Jua limechora meli yako kwenye migongo ya vitabu, Mzee," alisema Elinaja. "Pale meli ilipokinga, rangi imebaki. Pale isipokinga, imepauka. Vitabu hivi vya kopi vilikaa nyuma ya meli yako kwa muda mrefu, majira ya jua ya kutosha kuvichoma. Na meli iliondoka hapa siku Wema alipoanza kazi. Kwa hiyo siku anaingia mlango huu kwa mara ya kwanza, juzuu zako zilikwisha kuibwa zamani. Ile picha yenye juzuu sita ni ya kweli. Zilikuwa hizihizi."

"Subiri," alisema Godlisten. "Subiri kwanza. Kopi za mitumba zinauzwa zikiwa zimepauka tayari. Binti angeweza kununua..."

"Zilizopaukia nyuma ya meli hii? Yenye bomba mahali hapa, na pua hapa?"

"Basi ni huyu!" Kidole kilimwelekea Jotham. "Si ana vitabu hivyohivyo kwake?"

Elinaja hakubishana. Alichukua simu, akatafuta rekodi ya asubuhi, akaigusa. Sauti nzuri ya mwenyekiti ikajaza chumba.

*Kabla ya huyo binti, chumba hiki hakuingia mtu ila mimi. Weka hilo kwenye rekodi yako, dada Elinaja. Ufunguo ulikuwa mmoja, na nilikuwa nao mimi.*

Akaizima. "Huyu ulimkatalia mlangoni mwaka juzi mwanzoni. Umesema mwenyewe. Aprili mwaka jana, mchoro wa Mzee ulikuwa stoo huko Savage, unatiwa fremu. Kesho mfanyabiashara huyo ataulizwa aliuziwa na nani. Unataka tumngoje yeye aseme?"

Godlisten alitazama rafu, akatazama mlango. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka, ya kikao cha wanafamilia.

"Dada Elinaja, zima hiyo simu. Haya ni ya ndani. Sisi ni watu wazima, tunaweza kukaa, baba, mimi, Imelda nitampigia leo. Mambo yetu tusiyapeleke kwa wageni. Jumuiya itavunjika."

"Ya ndani?" Elinaja alihisi masikio yake yakiwaka. "Wema alipokuwa ndiye mwizi hayakuwa ya ndani. Ulimpigia wakala simu saa ileile. Ulijaza malalamiko serikalini. Ulisimama kwenye kikao cha jumuiya ukawaambia watu wafiche mikoba yao! Hukuita familia, hukuita wazee, hukusema tukae. Kwa mtoto wa mwenzio, serikali. Kwako, tukae? Siizimi."

"Baba," alisema Godlisten. Hakumtazama Elinaja tena. "Baba, nisaidie. Nilidhani huvihitaji. Vilikuwa vinakaa tu."

Mzee Evodius aligeuza uso kuifuata sauti ya mkwewe. Ukutani jua lilikuwa limefika kwenye bomba la meli.

"Godlisten."

"Naam, baba."

"Ungeniomba, ningekupa. Ungekuja hapa ukasema, baba, nimebanwa, ningekuambia chukua. Vitabu vilikuwa vyangu. Kwa vitabu naweza kukusamehe hata leo."

Godlisten alivuta pumzi ndefu, mabega yakashuka.

"Lakini yule mtoto si wangu nikupe," Mzee aliendelea. "Hilo sina uwezo nalo. Kaombe kwake. Kesho, mbele ya walewale uliowaambia ni mwizi." Akapapasa kando ya kiti. "Jotham, mkongojo wangu."

"Unaenda wapi sasa?" aliuliza Jotham.

"Mlangoni. Yeye amekatazwa kuingia. Mimi sijakatazwa kutoka."

Jotham alimshika kiwiko, na Mzee akainuka kwa awamu, akivuta kila hatua juu ya zulia. Godlisten alilazimika kusogea ili wapite. Kwenye kizingiti mkono wa Mzee ulinyooka mbele, ukapapasa hewa ya korido, ukaukuta mkono wa Wema, ambao tayari ulikuwa umenyooshwa.

"Umekula, babu?"

"Nitakula. Suti yangu ya kijivu iko wapi?"

"Kabatini, upande wa kushoto, nyuma ya koti la baridi. Tai iko mfuko wa ndani."

"Elinaja," Mzee aliita bila kugeuka, "umesikia. Nitolee. Kesho nina pa kwenda."